Wagonjwa wanne kwa mpigo, muuguzi mmoja zamu ya usiku: uanze na nani?

ZamuYaUsiku (Newala):

Habari za kazi wapendwa, na shikamooni wakubwa mliotutangulia.

Naomba tujadili jambo ambalo chuoni tulilipitia juu juu. Chukulieni kituo cha afya huku juu kwenye uwanda wa Makonde, saa nane usiku, mvua imeshika na umeme unakuja na kwenda. Zamuni yupo muuguzi mmoja na mhudumu wa afya mmoja. Tabibu yuko nyumbani, anapigiwa simu. Ndani ya dakika tano yanakuja haya kwa pamoja:

Mtoto wa miaka miwili, kilo 11, kipimo cha malaria kimeonyesha, homa 39.4. Amelia tangu saa sita, sasa kanyamaza, na mama yake anashukuru kwamba amepata usingizi.

Mama aliyejifungua dakika 40 zilizopita. Kondo limetoka, oksitosini (dawa ya kusinyaza mji wa mimba) uniti 10 ya msuli alichomwa. Presha 110/70, mapigo 118. Damu inatoka "kidogo kidogo", ila kanga ya pili imeshalowa.

Bibi wa miaka 70 mwenye nimonia. Oksimita, kile kipima oksijeni cha kubana kidoleni, inasoma asilimia 86, lakini vidole vyake vyote vina hina na piko.

Kijana anayeongezewa damu, mfuko wa kwanza, dakika ya kumi. Anasema anasikia baridi.

Nani kwanza? Na kipi naruhusiwa kufanya kabla tabibu hajafika? Naomba majibu ya mikono, yenye vipimo. "Tumia busara" naisikia kila siku.

MkungaMstaafu (Lindi):

Marahaba mwanangu. Umeuliza vizuri.

Kwanza, usiwapange kwa kutazama majina ya magonjwa yao kwenye faili. Zungukia vitanda vyote vinne kwa dakika mbili, macho na mikono tu, usikae popote. Ukipita kwa kijana, funga kile kigurudumu cha mpira wa damu. Ni sekunde mbili, na hakuna madhara ya kusimamisha damu kwa dakika kumi. Madhara yapo kwenye kuiacha ikitiririka wakati mwili wake unaikataa. Ukifika kwa bibi, mwinue akae wima, mito mgongoni. Kwa mtoto, mguse na umwite. Kwa mama, funua kanga utazame kwa macho yako, usikubali kuambiwa. Hapo ndipo unaamua mikono yako ibaki wapi.

Mikono yako itabaki kwa mama. Nakueleza kwa nini.

Presha ya 110/70 inakudanganya. Mwanamke kijana aliyetoka kujifungua anaweza kupoteza damu nyingi sana presha ikiwa bado imesimama, kwa sababu mishipa inajibana na moyo unakimbia kufidia. Mapigo ndiyo yanayosema ukweli mapema. Chukua mapigo ugawanye kwa presha ya juu: 118 kwa 110 ni zaidi ya 1. Kwa mama mzazi, ikivuka 0.9 una hatari mkononi. Ukisubiri presha ishuke ndipo ushtuke, umechelewa.

Halafu hii "kidogo kidogo". Damu inayotoka kwa kasi kila mtu anaiona na kukimbia. Inayoua kimya kimya ni ile inayochuruzika na kujikusanya chini ya makalio, au inayoganda ndani ya mji wa mimba. Pima. Weka kanga kavu kwenye mzani wa watoto, andika uzito, kisha pima ile iliyolowa. Gramu moja iliyozidi hesabu ni mililita moja. Kanga mbili zilizolowa chapachapa mara nyingi zinatosha kukupeleka kwenye mililita 300 na zaidi. Ukifika 500 ni kutokwa damu kupita kiasi, hakuna mjadala. Na ukiwa na 300 huku mapigo yamezidi 100, anza tiba hapo hapo. Utaratibu huo wa kuanza mapema, na kutoa tiba zote kwa pamoja badala ya moja baada ya nyingine, ulijaribiwa kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na matokeo yake ya mwaka 2023 yalionyesha matatizo makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60.

Mikono sasa. Weka kiganja juu ya kitovu ushuke. Mji wa mimba uliosinyaa ni mgumu na wa mviringo, unaushika kama mpira. Ukiukosa, au ukiwa laini kama unga uliokandwa, ndio huo unaovuja. Sugua kwa duara mpaka ukaze, mabonge yatoke. Ukiwa umesogea upande, mara nyingi kulia, kibofu kimejaa na kinauzuia kusinyaa: pitisha mpira wa mkojo. Wakati huo mhudumu anakuletea kanula kubwa, ya kijivu, ukiikosa ya kijani. Oksitosini uniti 20 kwenye lita moja ya maji ya chumvi, matone 60 kwa dakika. Usiisukume kwa sindano moja kwa moja kwenye mshipa, itashusha presha ghafla. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1, polepole kwa dakika 10, mradi hajapita saa tatu tangu kujifungua. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, rudia mara moja.

Kama mji wa mimba umekaza na damu bado inatoka, acha kusugua, tafuta mchaniko: mlango wa kizazi, ukuta wa uke, msamba. Rudi pia utazame kondo, limetoka lote au kuna kipande kimekosekana? Na chukua damu kidogo kwenye tyubu ya kioo, ishike kwenye ngumi yako ipate joto. Dakika 7 zikipita haijaganda, au imeganda bonge laini linalovunjika, tatizo ni ugandaji. Huyo anahitaji damu na safari.

WodiYaWatoto (Masasi):

Mama mkunga, nakuheshimu sana na kwa mama nakubali kila neno. Ila kwa mtoto umepita haraka mno. Huyu mtoto aliyenyamaza ndiye anayeniogopesha kuliko wote wanne.

Mtoto mwenye malaria aliyekuwa analia kisha akanyamaza, usiseme amelala mpaka umemwamsha. Jaribu kwa mpangilio: yuko macho? Anaitikia sauti? Anaitikia ukimbana ukucha au ukimkandamiza mfupa wa kifua? Haitikii kabisa? Mtoto anayelala kweli atakunja uso, atakusukuma mkono, atalia. Anayekunyooshea mikono tu bila kufungua macho yuko kwenye malaria kali, na sukari yake inaweza kuwa imeshuka. Degedege linaweza pia kuwa linaendelea kimya: tazama kope na pembe ya mdomo, zikicheza cheza kidogo kidogo hilo ni degedege.

Haya yote hayachukui dakika moja na wala hayakuondoi kwa mama anayevuja, kwa sababu kazi kubwa anaifanya mzazi wake. Mlaze ubavu. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, kilicholoweshwa na matone ya maji, kiweke chini ya ulimi. Mama yake amshike hivyo hivyo, amwangalie asimeze kwa mkupuo. Wakati huo mhudumu anapima sukari kidoleni. Ikiwa chini ya milimoli 3 kwa lita, ukishapata mshipa mpe dekstrozi (maji ya sukari ya mshipa) ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, yaani 55 kwa huyu. Vituo vingi vina ile ya asilimia 50 tu. Usimchome hivyo hivyo, inaunguza mishipa ya mtoto. Changanya sehemu moja ya dekstrozi na sehemu nne za maji ya sindano: mililita 11 kwa 44, zinakuwa 55 kamili. Pima tena baada ya dakika 15 hadi 30, maana ikipanda hushuka tena.

Artesuneti, sindano ya malaria kali: kilo 11, chini ya 20, hesabu miligramu 3 kwa kilo, ni 33. Kichupa cha miligramu 60 unakiyeyusha kwanza kwa ile ampuli ya bikaboneti ya mililita 1, tikisa mpaka iwe angavu kama maji. Ikibaki na ukungu, tupa. Kisha maji ya chumvi: mililita 5 kama ni ya mshipa, 2 kama ni ya msuli. Hapa ndipo watu wanakosea usiku, kwa sababu nguvu ya dawa inabadilika. Ya mshipa inakuwa miligramu 10 kwa mililita, atapata 3.3. Ya msuli inakuwa 20 kwa mililita, atapata 1.65. Ukichanganya ya msuli na kutoa kiasi cha mshipa, umempa maradufu. Tumia ndani ya saa moja, usiweke kiporo cha kichupa kwa dozi ya saa 12.

Degedege likipanda: diazepamu ya njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kilo, kwake ni 5.5, sawa na mililita 1.1 ya ampuli ya miligramu 10 kwenye mililita 2. Bana makalio baada ya kuweka, la sivyo dawa inarudi kwenye shuka na utadhani haifanyi kazi. Baada ya dakika 10 unaweza kurudia mara moja. Usiende dozi ya tatu, pumzi itasimama.

Na tafadhali, mikono na miguu ikiwa ya baridi usimfungulie dripu ikimbie. Utafiti wa mwaka 2011 uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha watoto wenye homa kali waliomiminiwa maji haraka walifariki zaidi kuliko waliopewa polepole. Tazama viganja. Vikiwa vyeupe, anachohitaji ni damu.

TabibuWaZamu (Nachingwea):

Nachangia upande wa simu, kwa sababu ni mimi ninayepigiwa.

Saa nane usiku simu nyingi zinaanza hivi: "Shikamoo daktari, samahani kwa usumbufu, pole na usingizi, kuna mgonjwa hapa hali yake siyo nzuri sana…" Adabu ni jambo jema, lakini mtu aliyetoka usingizini anashika maneno ya kwanza tu. Akisikia "siyo nzuri sana" anajibu "mwongezee maji, nitapita asubuhi", na wewe unasema sawa daktari. Hapo mgonjwa amepotea kwenye salamu.

Anza na ombi. Kisha namba, ulichofanya, unachotaka:

"Daktari, naomba uje sasa hivi, wodi ya wazazi. Mama, saa moja tangu ajifungue, anavuja damu. Nimepima mililita 450 na bado inatoka. Mapigo yalikuwa 96, yakawa 104, sasa 118. Presha 110/70. Mji wa mimba laini, nimesugua, kibofu nimetoa, oksitosini 20 kwenye lita inaenda, traneksamiki nimeanza saa nane na kumi. Nahitaji uje, na tuanze rufaa."

Hakuna tabibu atakayerudi kulala baada ya hayo. Zile namba tatu za mapigo zina nguvu kuliko namba moja, zinaonyesha mgonjwa anakwenda wapi. Ndiyo maana chati ya kila dakika 15 kwa saa mbili za kwanza si karatasi ya kumridhisha msimamizi. Na nikikutajia dozi kwa simu, irudie kwa sauti nikusikie. "Sitini" na "tisini" kwenye mtandao unaokatika vinafanana kuliko unavyodhani.

Nikikujibu vibaya au nikisema subiri, na wewe unaona mgonjwa anashuka, rudia ombi kwa maneno yale yale, kisha mpigie mganga mfawidhi. Huo si utovu wa nidhamu. Andika saa uliyopiga na jibu ulilopewa.

Kwa mama mzazi na mtoto mchanga, M-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, inapigiwa 115 bila malipo. Usisubiri mpaka damu ikushinde. Gari linapoitwa, wewe unaendelea na tiba, na likifika akawa ametulia hakuna aliyepata hasara. Kutoka huko juu kwenda hospitali ya Masasi, Ndanda au Ligula kule Mtwara, barabara ikiwa na tope, muda wa safari uingize kwenye uamuzi wako.

ZamuYaUsiku (Newala):

Ahsanteni sana. Nina mawili. Bibi na hina yake mmemruka. Na kijana wa damu: mfuko umetoka kwenye friji, je, baridi anayosikia si ya damu yenyewe? Nikisimamisha kila anayetetemeka tutamaliza lini?

WodiYaWatoto (Masasi):

Bibi si mgonjwa wangu kwa umri, lakini oksimita ni ile ile.

Mashine inapitisha mwanga kidoleni, na rangi nzito, hasa piko jeusi, inaweza kuuvuruga. Vidole vya baridi navyo vinavuruga. Kwa hiyo usiiamini wala usiidharau, ihakiki. Shika mapigo ya kifundo cha mkono wake ulinganishe na mapigo yanayoonyeshwa na mashine. Yasipolingana, ile 86 haina maana. Sugua kidole kipate joto, au geuza kibanio kikae ubavuni mwa kidole, mwanga usipite kwenye ukucha. Kama kuna kibanio cha sikio, tumia ndewe.

Ila kabla ya hayo yote, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Ukihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, kosa nalo linazidishwa. Mtu mzima akivuka 30, au akiwa anavuta misuli ya shingo, au akishindwa kumaliza sentensi moja, mpe oksijeni hata kama mashine inasoma 97. Tazama ulimi, huo haupakwi hina. Na kinyume chake: mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kusoma 98 na viungo vikawa na njaa ya oksijeni, kwa kuwa mashine inapima damu iliyopo imejaa kiasi gani, haipimi ipo kiasi gani.

Umeme ukikatika, konsentreta (mashine ya kutengeneza oksijeni) inazima na watu hawatambui mara moja. Mtungi uwe kitandani tayari, na ujue utadumu muda gani: zidisha ujazo wa mtungi kwa lita na namba ya geji kwa baa, kisha gawa kwa lita unazotoa kwa dakika. Mtungi wa lita 10, geji 100, ni lita 1,000. Kwa lita 2 kwa dakika ni dakika 500. Kwa lita 5 ni 200 tu. Fanya hesabu hiyo kabla ya kumpakia kwenye gari.

MkungaMstaafu (Lindi):

Mwanangu wa Masasi umenisahihisha kuhusu mtoto, na nimekubali. Mwamshe mtoto kabla hujaenda kwa mama. Ni nusu dakika.

Sasa kijana. Swali lako ni la haki, damu ya friji inaweza kumpa mtu ubaridi mkononi. Lakini wewe ukiwa umesimama pale huwezi kuutofautisha kwa macho, na mwanzo wa damu isiyolingana unafanana vile vile. Funga kwanza, kisha uchunguze. Pima joto ulinganishe na ulilopima kabla ya kuanza. Limepanda nyuzi 1 au zaidi? Muulize kiuno kinauma? Kifua kinabana? Tazama ngozi kama ina vipele, na mkojo kama umekuwa mwekundu au wa rangi ya kokakola. Soma upya jina, namba na kundi kwenye mfuko, faili na mdomoni mwake: usimuulize "wewe ni fulani?", mwambie ataje jina lake mwenyewe. Mgonjwa mwenye homa huitikia jina lolote.

Kukiwa na dalili hata moja, badilisha mpira wote, usisafishe kwa kupitisha maji ya chumvi kwenye mpira wenye damu, maana utamsukumia ile iliyobaki. Weka mpira mpya na maji ya chumvi, kanula ibaki. Mfuko na mpira wake virudi maabara pamoja na damu mpya na mkojo. Usivitupe. Akianza kukoroma pumzi, uso kuvimba, presha kushuka: adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, palepale, simu baadaye.

Kama kila kitu ni safi na joto ni lile lile, mweleze tabibu, na akiridhia anzeni tena polepole. Saa nne ndizo mwisho tangu mfuko ulipoanza kuingia. Ule muda uliosimamisha unahesabiwa. Na safari nyingine usianzishe damu saa nane usiku ukiwa peke yako kama mgonjwa anaweza kungoja hadi asubuhi. Dakika 15 za kwanza zinataka mtu kando ya kitanda, na wewe ulikuwa huna mtu wa kumweka.

Jambo moja sijaliona likiulizwa. Oksitosini yako inakaa wapi? Inataka nyuzi 2 hadi 8. Joto letu la pwani mnalijua, na huko juu umeme ukikatika kwa muda wa saa sita, friji inayofunguliwa funguliwa haikai baridi. Mkichoma na mji wa mimba usisinyae, mnaweza kudhani mama ana tatizo kumbe dawa imechoka. Weka kipimajoto ndani ya friji, andika asubuhi na jioni. Usiku wa umeme wa kusuasua, toa ampuli nne tu, ziweke kwenye kibebeo cha chanjo chenye vipande vya barafu vilivyoanza kuyeyuka, usizigandishe, na friji uifunge. Misoprosto, vidonge vya kusinyaza mji wa mimba, nayo iwe jirani, mikrogramu 800 chini ya ulimi. Hiyo haihitaji friji, ila unyevu unaiharibu, kwa hiyo usiitoe kwenye karatasi yake mpaka unampa.

ZamuYaUsiku (Newala):

Nimeelewa. Friji yetu haina kipimajoto. Leo naandika barua ya kuomba, na mzani wa watoto nausogeza chumba cha kujifungulia.